Waya wa Moto

Limbani, Wete, saa mbili asubuhi.
Gari imeshafika kabla yangu,
nyeupe, kimya, viti bado vimevaa nailoni.
Khalef ananionesha soketi ya jikoni:
"Chomeka hapa tu, Mkasi. Pasi inakaa hapa,
birika linakaa hapa."

Birika, nikamwambia, ni dakika sita.
Hii itakunywa usiku kucha,
na mdomo wa soketi yako umeshaungua pembeni,
tazama, kahawia kama ukoko.

Nikafungua boksi la mita.
Yuniti kumi na nne, namba zinapepesa.
Umeme umevuka bahari kutoka Tanga,
umeruka nguzo kwa nguzo mpaka kwako,
na hapa, hatua ishirini za mwisho,
unataka upite kwenye uzi wa kushonea kofia?

Waya wa milimita sita, mita kumi na nane.
Swichi yake peke yake, amperi thelathini na mbili,
isiyojua habari za friji wala feni.
Fimbo ya ethi, shaba tupu,
nikaigongomea nyuma ya choo cha nje.
Udongo mwekundu ukaimeza mpaka shingoni;
nikamwaga ndoo mbili za maji, nikapima,
nikagonga tena.

Halafu patasi. Wahenga walisema tuzibe ufa;
mimi kazi yangu huanza kwa kuupasua.
Nyuma ya plasta, kona ya stoo,
fundo: nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole,
tepu nyekundu, kwa kuwa siku ile nyeusi iliisha.

Nikaijua tepu.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa,
nambebea ngazi fundi Makame,
na harusi ya dada inanisubiri Gando.
Nikasokota, nikafunika, nikakimbia.
Miaka kumi na mmoja watu wanalala
upande wa pili wa ukuta huu.

"Kuna nini?" akauliza Khalef.
Ningeweza kusema panya.
"Kazi mbovu," nikasema. "Yangu."
Akacheka. Kisha hakucheka.
Nikalikata fundo, nikalitia mfukoni.
Hilo sikulitoza.

Magharibi tukachomeka.
Taa ya kijani ikapumua, gari ikaguna tumboni,
watoto wa jirani wakanyamaza wote pamoja.
Mamake Khalef akaleta chai na mkate wa kumimina,
mimi nikakaa sakafuni, mgongo ukutani,
saa nzima, kiganja juu ya waya,
kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Waya wa moto.
Baridi.
Bado baridi.