Mifuniko

Sanduku liko wazi kitandani tangu Jumatatu.
Orysia anatia sweta, anatoa sweta.
Winnipeg imeganda; theluji imefika dirishani.

Mwanawe amemtumia onyo la serikali,
maandishi mekundu: usisafiri.
Jirani kamuuliza, "Una moyo wa chuma?"
Hapana. Ni wa nyama,
na una kidonge chake kila asubuhi.

Jana mdogo wake alipiga simu kutoka Lviv.
King'ora kililia nyuma ya maneno yake,
naye hakunyamaza, alipaza tu zaidi:
"Ukija, niletee mifuniko ya mitungi,
ile ya matango. Huku imeadimika."

Ukija.
Hakusema njoo.

Saa nane usiku anaamka, anahesabu mifuniko:
kumi na miwili.
Anaitia ndani ya soksi, isigongane.
Sanduku bado hajalifunga.