Mengineyo

Muhtasari wa kikao kile niliuandika mimi,
kwa wino niliouongeza maji
maana hata wino, tuliambiwa, ulikwenda vitani.

Igogo, bwalo la kiwanda cha pamba, Jumamosi saa nne.
Ajenda ya kwanza: kufungua.
Ya pili: ushindi wetu. Tukapiga makofi.
Ya tatu: sabuni. Haipo.
Mwenyekiti akasimama, akasema kama redio:
tufunge mkanda miezi kumi na minane.
Nilihesabu vidoleni chini ya meza.
Ule ulikuwa wa thelathini na tano.

Mbuke Malugu wa chumba cha kusokota
hakunyoosha mkono.
Alifungua mkanda kiunoni, juu ya khanga,
mkanda wa mgambo uliorudi peke yake
kutoka ng'ambo ya Kagera.

"Matundu matano alikuja nayo.
Haya manne nimetoboa mimi, kwa msumari wa moto.
Nionyesheni la kumi nilitoboe wapi.
Ngozi imekwisha. Na kiuno kimekwisha."

Akauweka mezani, juu ya daftari langu.

Nyanzobe akaleta kamba ya katani.
Kabula wa zamu ya usiku akaleta mkanda wa feni:
lori la mumewe taifa liliazima, halikurudi,
huu wa akiba ulibaki uvunguni
ukiwasubiri, lori na dereva.

Hakuna aliyepiga kelele.
Dirishani mawe ya kilimani yalikuwa yamebebana
kama siku zote, la juu halimwulizi la chini.

"Mnataka adui atucheke?"
"Adui si tulimpiga?" akajibu Mbuke.
"Sasa huyu anayecheka ni nani?"

Mwenyekiti akanigeukia: "Karani, andika vizuri."
Nikaandika vizuri.
*Mengineyo: akina mama walileta mikanda.
Kikao kilipokea.*
Mikanda ikafungiwa stoo, pamoja na magunia.

Mwezi uliofuata ulikuwa uchaguzi wa tawi,
jina moja, ndiyo au hapana.
Tulihesabu kwa taa ya chemli, umeme ulikuwa umekatika.
Karatasi nikiiinua, mwanga unapenya:
tundu dogo, jeusi ukingoni,
pale pale penye jina lake.
Nyingine. Na nyingine.

Nikaziandika zote: zimeharibika.
Mia mbili na kumi na moja,
pamoja na yangu.