Kibaba Kimoja cha Uwele

Kalenda ya duka la Msanjila, pale Bahi stesheni,
ina picha ya trekta, na sikukuu kwa wino mwekundu.
Nimeipekua Januari hadi Desemba.
Siku yetu haimo.

Siku yetu haina tarehe.
Huja uwele ukishapurwa, upepo ukifaa kupepetea,
bibi yangu Mbeleje akaitazama mikono yake
akasema: Kesho hatutii chumvi.

Basi. Hapakuwa na hotuba.
Asubuhi alipima uwele kwa kibaba cha mti chenye ufa,
kimoja tu, akakisawazisha kwa kijiti,
akaenda kuumwaga njiani, nje ya boma,
na kuku wetu tukawazuia.
Mchana ugali, na mlenda usio na chumvi.
Sisi, watu wa Bahi,
ambao chumvi tunaikwangua mbugani kwa kucha!

Nilipouliza maana, kila mtu alikuwa na yake.
Mjomba Ndahani: ni kwa sababu ya nzige.
Shangazi Nyawombo: ni sadaka, ila ya kale kuliko kanisa.
Baba alisema ni ushamba,
lakini siku hiyo hakuwahi kusafiri.

Bibi alisubiri mpaka nikazaa.
Nikiwa ndani ya arobaini, mtoto titini,
akasema bila kunitazama:

Mwaka wa njaa, ule walioupa jina la kunyang'anyana,
bibi yangu alikuwa na mabinti wawili
na chungu kilichosahau moto.
Wakapita wenye nafaka.
Mkubwa akashikishwa mkono wa mgeni.
Bibi akashikishwa kibaba.
Tutamkomboa mvua ikinyesha, walisema.

Mvua ilinyesha.
Walikwenda na vibaba viwili, na mbuzi juu,
wakaulizia mpaka Manyoni, mpaka nyika ikawaishia maneno.
Mdogo, aliyebaki akala ule uwele,
ndiye mama yangu.

Haba na haba, husema watu, hujaza kibaba.
Hawasemi kibaba hicho kilijazwa kwa nini.

"Na huyo mkubwa, jina lake?"

Bibi alimfunika mwanangu shingo.
"Mama alikuwa na miaka minne.
Alimwita Dada."

*

Sasa nakaa Nkuhungu. Uwele nanunua soko la Majengo,
muuzaji anapima kwa kopo la rangi, ananiongezea kiganja.
Nikifika nyumbani nakitoa kiganja hicho.
Kiwe kimoja. Kisizidi.

Julai, tarumbeta ya mashujaa inapolia mjini,
nami husimama, mkoba kwapani, jua utosini.
Nawaheshimu. Wengine majina yao yamechongwa.
Halafu nasubiri upepo wangu.

Mwaka huu niliumwaga getini alfajiri.
Bodaboda ikapita juu yake. Wakaja njiwa.
Mama Chedego, jirani, akauliza kama nimepasukiwa na mfuko.
Nikasema ndiyo.

Mchana Semeni, binti yangu, alionja mlenda,
akakunja uso.
Ana miaka kumi na moja; sijamwambia kitu.
Mkono wake ulikwenda kwenye kopo la chumvi,
ukakaa juu ya kifuniko,
akanitazama,
ukarudi.