Kilo Tisa za Figili

Kile kisu unachokiona kikizama
hakikumgusa mtu.
Ni mimi, Okran, saa nane usiku,
chini ya duka la matairi kule Paju,
nimevaa soksi mbilimbili sakafu isinisikie,
naidunga kabichi.

Mwanzoni kiliingia chwa! tu, kikatoka.
Mwongozaji Tak akakataa. "Mtu si siagi."
Basi kabichi nikaiviringisha taulo lililolowa chapachapa,
ndani nikachomeka figili nene, nyeupe pe,
na sasa kinaingia, kinasita,
katu!
Nyuma ya kioo Tak ameinua kidole gumba,
uso umemparama
kama mtu aliyesomewa madeni yake hadharani.

Filamu yetu ina maiti saba.
Vichwa kumi na vinne vya kabichi, figili kilo tisa,
kuku mmoja mzima kwa shingo ya mlinzi wa daraja.
Mhasibu Ma amezibandika risiti zote
chini ya neno Mauaji.

Muuaji mwenyewe, Seong Chilgu, anaogopa njiwa.
Kichochoroni Incheon, theluji ya kweli ikianguka,
alimwomba radhi marehemu kila kamera ilipozimwa
hadi marehemu akafoka: "Niue upesi, kaka,
baridi isije ikakutangulia!"
Nyayo zake nzito zinazokufuata hadi kitandani
ni zangu pia: kilo arobaini na nane
ndani ya viatu vya kiume vilivyoshindiliwa magazeti.

Kuua si kazi.
Kazi ni onyesho la themanini na moja:
mkewe amejua. Anafunga jokofu. Anasimama.
Hana neno hata moja, kwa hiyo neno ni mlango.
Nilifunga kabati, sanduku, gari la Ma.
"Huyo hajui," Tak akasema.
"Huyo anashuku tu."
"Huyo ameshasamehe, rudia."
Siku nne.

Nikaenda Ganghwa kumsaidia mama kutia kimchi.
Mikono yake ilijaa chumvi, akaufunga mlango kwa nyonga:
mpira ukabusu chuma,
na ndani, chupa moja
ikatetemeka kuliko ilivyostahili.
Kinasa sauti kilikuwa mfukoni mwangu. Sikumwambia.

Usiku wa kwanza wa filamu nilimketisha kando yangu.
Ukumbi ukapiga kelele, watu wakafunika macho;
mama akaniinamia sikioni:
"Ile figili ilikuwa kuukuu. Imekauka moyo."

Kisha themanini na moja.
Kimya jii.
Mlango. Chupa.
Mama hakugeuka.
"Sijaitupa bado," akasema,
"akirudi ataikuta."

Majina yakapanda, watu wakatafuta makoti,
langu likapita kati ya madereva na wapishi.
"Na zile kabichi," mama akauliza, "mlizitupa?"
Tulizila, mama. Supu, mwezi mzima,
sote, na muuaji,
naye ndiye aliyeosha vyombo.