Swichi ya Wekulo

Siku ya pili nimelala chini ya Ferguson ya marehemu,
Naitiri, mvua bado wiki moja, udongo mkavu kama biskuti,
na kila jirani anayepita ananiachia ugonjwa wake:
ni betri, fundi. Ni uzee. Ni petroli ya chupa.
Mmoja akasema ni mwenyewe anakataa huko aliko.
Nikamwambia nipe spana namba kumi na tatu.

Gia naivuta hadi penye herufi S,
stata inaitika, injini inazunguka,
inazunguka kwa bidii kama mtu anayetafuta jina mdomoni,
khe-khe-khe-khe,
halafu basi.

Fundi mwenye pesa hubadilisha vipuri.
Mimi napima.
Kikombe cha kioo chini ya tangi: petroli imejaa,
haina maji, haina kutu.
Plagi ya kwanza naichomoa, imelowa, inanuka.
Nailaza juu ya injini, namwambia Makokha, zungusha,
nami natazama ule mwanya
mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga.
Giza.
Ya pili giza. Ya tatu. Ya nne.
Kuni zipo jikoni, kiberiti hakuna.

Nafungua kifuniko cha distributa.
Platini zimeungua kidogo, nazipitishia msasa,
nazitenganisha kwa kipande cha pakiti ya sigara.
Kondensa naitoa, natia niliyokopa Kiminini.
Giza lile lile.

Bi Nafuna analeta chai, haulizi.
Amevaa koti la mumewe, mikono kaikunja hadi kwenye kiwiko.
Mashemeji wameketi kibarazani tangu asubuhi,
wanasubiri kusikia kwamba trekta imekufa.
Chuma chakavu kina bei, wanasema, kwa kilo,
na shamba lisilolimwa, wanauliza hewa,
ni la nani?

Naunga taa ya kupimia kwenye koili.
Platini zikiachana, taa iwake.
Zikishikana, izime.
Ndiyo lugha yake yote, maneno mawili,
na hii haisemi hata lile la kwanza.
Umeme unaingia koili, unatoka,
kisha haufiki nyumbani. Una pengine unapolala.

Hapo ndipo ninapohesabu kwa kidole, kama mtoto wa chekechea.
Kwenye msumari wa koili kuna nyaya mbili.
Kiwanda kiliweka mmoja.

Huu mwingine umepakwa grisi usionekane.
Unapita nyuma ya dashibodi, unajibana chini ya tangi,
unaingia sanduku la spana, chini ya matambara,
na huko mwisho, imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
swichi ya taa. Nyeupe. Ya ukutani,
kama ile ya chumbani kwao.

Naibonyeza. Tak.
Makokha anavuta gia.
Ferguson inatema moshi wa buluu, inashika,
kuku wanatawanyika,
kikombe changu cha chai kinatembea chenyewe juu ya boneti.

Kibarazani mtu anasimama. Hakai tena.

Bi Nafuna anainama, anaitazama swichi
kama barua iliyochelewa.
"Miaka ishirini na sita," anasema,
"kila asubuhi ananituma maji ya rejeta.
Nikirudi na ndoo, nakuta inanguruma."
Siwezi kujua kama anacheka; injini ina kelele.

Nachukua koleo. Mama, niukate waya huu
usikusumbue tena.

Ananishika mkono, vidole vyake vina unga.
Anatazama kibarazani, polepole, mmoja mmoja,
kisha ananikaribia sikioni.

"Uache. Nionyeshe tu:
kuwaka ni juu, au ni chini?"