Chozi la Elfu Kumi na Tano

Siku tuliyomzika shangazi Candiru
macho yangu yalikauka kama kifuu.
Wanawake wa ukoo walinitazama, wakatazamana,
na mmoja akasema, wala hakunong'ona:
"Huyu moyo wake umeota sugu."

Na asubuhi ile ile, Mungu ni shahidi,
upepo wa malori na vumbi lake jekundu
ulinitoa machozi hadi kidevuni
nikiwa nafagia tu mlango wa duka.
Nieleze vipi? Jicho linamwaga bure,
siku ya haja linafunga bomba.

Miaka ishirini na sita nashona sare hapa Arua,
uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi,
taa moja, cherehani moja, sindano isiyosamehe.
Jioni kope zilikwaruza
kama mlango wenye mchanga kwenye bawaba.
Kila mtu akawa daktari.
Osha kwa chai ya rangi.
Kamulia maziwa ya anayenyonyesha.
Muuza dawa akanipa kichupa cha kuondoa wekundu:
siku tatu niling'aa kama bibi harusi,
ya nne wekundu ukarudi na ndugu zake.

Ezati wa kliniki ya macho hakucheka.
Aliniwekea kikaratasi chembamba kwenye kope ya chini,
akatazama saa. Dakika tano.
Kililowa milimita tatu.
"Mama Ayikoru, maji ni machache,
na mafuta ya kuyafunika hayatoki,
yanakauka kabla hujapepesa.
Jicho likiungua linapiga yowe.
Yale ya kwenye upepo ndiyo yowe lenyewe:
mafuriko, si mvua."

Akauliza umri. Hedhi ilikatika lini.
Viungo vinauma? Mdomo je, unakauka?
Unameza nini usiku?
Nikatoa vidonge vyangu vya mafua, vya kila jioni.
Akainua nyusi:
"Hivi havikaushi pua peke yake."
Kisha: "Ukishona, unapepesa?"

Nani huhesabu kupepesa?
Nilirudi nikajipeleleza.
Mguu mzima wa suruali, pindo hadi kiuno,
sikufumba jicho hata mara moja.

Sasa kila alfajiri kitambaa cha maji moto, dakika kumi,
halafu kidole ukingoni mwa kope, taratibu,
mafuta yaliyoganda kama samli yalainike.
Vidonge tumebadilisha.
Jiko la mkaa nimelihamishia uani, na mume wangu ananuna.
Mwisho wa kila mshono nafumba macho, nahesabu mbili.
Na kichupa, mara nne kwa siku:
machozi ya dukani, elfu kumi na tano,
bei ya sare moja ya mtoto wa darasa la kwanza.
"Yatapona?" nilimuuliza.
"Yatatunzwa," akasema, kama anayezungumzia shamba.

Juzi ilikuwa kumbukumbu ya mwaka.
Saa tisa, jua kali, vumbi makaburini.
Niligeukia ukuta, nikainua kidevu, nikatia tone langu.
Likazidi.
Likateremka shavuni polepole mbele za watu.
Yule asiyenong'ona akaliona,
akanishika mkono:
"Afadhali, mwanangu. Hatimaye."

Sikumsahihisha.
Candiru angecheka hadi alie,
yeye aliyekuwa na maji ya kutosha.