Mstari wa Arubaini

Wete, saa nane usiku. Feni inakwaruza.
Kichunguzi kimemaliza zamu, kimeniachia mistari arubaini
myekundu: maktaba ya usimbaji imepitwa na wakati.

Thelathini na tisa naijua.
Kinasoma kibao cha mlangoni, hakigusi kitasa;
namba ni ile ile ya zamani, ndani viraka vipya
nilivyovitia mwenyewe, Mfunguo Tatu.
Nikaandika: si kweli, si kweli, si kweli,
mkono ukazoea.

Wa arubaini nao nusura niuandikie hivyo.

Nikasita.
Seva ya hospitali, yenye kadi za waja wazito,
aliyoiwasha Mkubwa Shaame kabla hajahamia Unguja.
Kufuli lake hata kijiti cha mswaki kingelifungua.

Bi Raya wa masijala atanuna asubuhi.
Anune.
Naizima.